UZI: Wikendi ya mbio za pikipiki za klabu Brands Hatch, tangu ukaguzi mpaka bendera ya mwisho

KlachiNzito
Wakuu heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa pikipiki kubwa nilibanwa nieleze hizi mbio ninazokimbia huku Uingereza, maana kuna waliodhani nipo kwenye zile za televisheni na kuna kampuni inanilipa. Hakuna anayenilipa, mlipaji ni mimi. Hizi ni mbio za klabu. Klabu inakodi uwanja Jumamosi na Jumapili, wanachama tunatoa ada, na ada hizo ndizo zinazolipia uwanja, madaktari, magari ya wagonjwa na watu wa kupima muda. Klabu moja kongwe ya namna hii ilianzia Brooklands mwaka 1909. Leseni na kanuni zinatoka ACU (Auto-Cycle Union), chama cha mbio za pikipiki cha huku, cha tangu 1903.

Kwenye mstari wa kuanzia unakuta fundi bomba, mwalimu wa sekondari, dereva wa lori, na mimi mpanga mizigo wa zamu ya usiku.

Chombo changu ni Suzuki SV650 mzee, silinda mbili za mpangilio wa V, cc 645, nguvu za farasi kama 70 hivi. Aina hii ilianza kuuzwa 1999 na wengi walikuwa wanaendea kazini. Kwenye daraja letu wote tunapanda hizo hizo, na injini huruhusiwi kuichokonoa utakavyo. Utamu wote uko hapo: mwenye hela hawezi kununua kasi ya kukuacha. Akikuacha, amekuacha kwa mikono yake.

Nitashusha kwa vipande, nikitoka zamu.

Mkandarasi wa Mbagala
Nimekaa mkao wa kula. Shusha vitu mkuu.

PilipiliKichaa
Kabla hujafika mbali, hiyo hela si ungejenga hata vyumba viwili Kibaha? Watu wazima mnazunguka duara mnarudi mlipotoka, halafu mnalipia!

KlachiNzito
@PilipiliKichaa kiwanja ninacho Mkuranga. Nimekiangalia sana, hakikimbii.

Tuendelee. Ijumaa nilitoka kazini nikapitia vani ya kukodi, tukapakia na wifi yenu: pikipiki, stendi ya mbele na ya nyuma, mablanketi ya kupasha tairi, jenereta, madumu ya petroli, ndoo ya spea, turubai la kujikinga, godoro, jiko la gesi na sufuria. Brands Hatch iko Kent, kusini mashariki mwa London, pembeni ya barabara ya A20. Tulifika giza limeingia. Nyuma ya piti (njia ya kando ya uwanja ambako pikipiki zinatokea na kurudi) kuna eneo kubwa wanaliita padoki, kila mtu anapiga kambi humo, na ukichelewa unaambulia sehemu yenye mteremko ambayo pikipiki haikai vizuri kwenye stendi. Tuliambulia mteremko.

Jumamosi saa moja asubuhi unajiandikisha, unaonyesha leseni, unafunga transponda (kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachotuma alama kila unapopita juu ya waya uliofukiwa kwenye lami, ndicho kinachokupimia muda), kisha unajipanga foleni ya ukaguzi. Hapa ndipo nataka mafundi wetu wanisikilize.

Mkaguzi alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, miwani kwenye ncha ya pua. Hakunisalimia, aliisalimia pikipiki. Akageuza hendo mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, huku ameweka dole gumba lake kati ya hendo na tenki kuona kama linabanwa. Akavuta mafuta akaachia ghafla, mkono urudi wenyewe bila kusaidiwa. Akarudia hendo likiwa limegeuzwa. Akachuchumaa, akatikisa gurudumu la mbele akitafuta beringi iliyolegea, akapitisha kidole kwenye kila boliti ya kaliper za breki. Kisha akalala kabisa chini na tochi kutazama waya.

Waya ndiyo dini ya mchezo huu. Boliti ya kumwagia oili, filta na kifuniko cha kujazia oili, vyote lazima vifungwe kwa waya mwembamba wa chuma cha pua. Boliti inatobolewa kichwani, waya unapita, unasokotwa, unafungwa sehemu isiyotembea, na lazima uvute upande wa kukaza. Ukivuta upande wa kufungua ni sawa na hujafunga. Chini ya injini kuna ganda la kushika oili endapo injini itapasuka. Rejeta inawekwa maji matupu. Karibu na sproketi ya nyuma kuna kipande kama pezi la papa, cha kuzuia vidole visimezwe na cheni. Leva ya breki ina kinga mbele yake, ili mwenzako asije akaigusa kwa bega mkiwa sambamba, breki ikajikamata.

Halafu ni zamu yako wewe: helmeti yenye alama ya kuidhinishwa, suti ya ngozi ya kipande kimoja, kinga ya mgongo, glavu, buti, na kidani shingoni chenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Hicho kidani ni kwa ajili ya daktari akikukuta huwezi kujitaja. Mwisho unapima kelele za ekzosi, unabandikwa stika, umepita.

Jirani yangu wa kambi, namba 64, alirudishwa. Kishikio cha filta yake kilikuwa kimelegea. Nikampa waya na koleo, akafunga, akapita. Mkumbukeni huyu jamaa.

FundiMagoti
Mkuu nipo Mwanza, pikipiki ndiyo kazi yangu. Kwenye waya umenigusa. Boksa nyingi zinakuja kwangu zimemwaga oili njiani kwa sababu boliti ya chini imelegea kidogo kidogo mpaka ikaanguka. Dereva anasema "fundi, iliunguruma tu ikazima". Swali langu, kwa nini maji matupu kwenye rejeta? Kutu je?

KlachiNzito
@FundiMagoti ile dawa ya kijani ya rejeta ina glikoli. Ikimwagika kwenye lami inateleza kama oili na haikauki upesi, uwanja mzima unasimama kusubiri watu waje kuifuta. Maji yakimwagika yanakauka. Kutu tunaishughulikia kwa kubadilisha maji mara kwa mara, na msimu wa baridi ukija unayamwaga yasije yakaganda yakapasua injini.

Msafiri_wa_Ngong
Mimi niko Nairobi. Jamhuri Park motokrosi huwa naenda kutazama na vijana wangu, lakini hiyo ni udongo na kuruka vilima. Hebu tueleze uwanja wenyewe wa lami ulivyo.

KlachiNzito
Karibu @Msafiri_wa_Ngong. Tulikimbia duara fupi, linaitwa Indy, lina kama kilomita 1.9. Lilianza kama uwanja wa nyasi, pikipiki zilishindana hapo tangu miaka ya 1920, lami ikaja 1950. Kwa chombo kama changu mzunguko mzima ni chini ya dakika moja. Usidhani ufupi ni urahisi. Ufupi maana yake huna mahali pa kupumua.

Unapita mstari wa kumalizia umeinama nyuma ya kioo, barabara inapanda, na mbele huoni kitu isipokuwa anga. Hapo kuna kona ya kulia inayoitwa Paddock Hill. Unapiga breki na kuanza kuilaza pikipiki kabla hujaona unakokwenda, kisha dunia inakatika chini yako. Aliyewahi kushuka Kitonga na basi la haraka anaijua hiyo tumbo. Kule chini pikipiki inabanwa, foku (shokapu za mbele) zinazama mpaka karibu mwisho, na hapo hapo ndipo unapotakiwa kufungulia mafuta, maana mbele kuna mlima. Wageni wote wanakata mafuta pale bondeni. Mwili unakataa. Kuukubalisha mwili ufungulie pale ndiyo shule yenyewe.

Unapanda mlima hadi Druids, kona ya kulia iliyojikunja kabisa. Kwa kuwa ni mlima, unaweza kuchelewa breki kuliko unavyofikiri, kilima kinakusaidia kusimama. Wengi wanapitana hapo. Unatoka unashuka, unakutana na kona ya kushoto, Graham Hill.

Hapo nakaa kidogo. Kwenye duara hili kona nyingi na nzito ni za kulia. Upande wa kulia wa tairi unachemka, upande wa kushoto unabaki baridi kwa sababu haujaguswa. Unaingia Graham Hill na ujasiri wote uliotoka nao Druids, unailaza kushoto, na unaiweka kwenye mpira ambao bado haujaamka. Mablanketi yanapasha tairi mpaka nyuzi 80 hivi kabla hujatoka, lakini kwenye mzunguko wa kujipasha na wakati wa kusubiri kwenye mstari ule moto unapungua, hasa asubuhi ya Kent yenye ubaridi. Waulize waliodondoka Brands, wengi watakutajia kona hiyo.

Baada ya hapo kuna kipande cha kunyooka, kushoto tena Surtees (imepewa jina la John Surtees, mtu pekee aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa Formula 1), unapindua upesi kwenda kulia, kisha Clearways na Clark, kulia ndefu inayokurudisha kwenye mstari. Mbio unazishinda au unazipoteza hapo mwisho. Ukifungulia mapema nusu sekunde, unaibeba kasi hiyo njia yote hadi Paddock Hill.

Nilipoanza nilijaribu kuwa jasiri kila mahali. Mpanda mmoja mzoefu akaniambia niache ujasiri, nichague alama moja ya breki kwa kila kona, ufa kwenye lami, bango, doa la rangi, na nipige breki hapo hapo kila mzunguko mpaka nichoke. Kasi ilikuja yenyewe. Nikitazama karatasi ya muda ya wale wa mbele, mizunguko yao inafanana kama imepigwa chapa, tofauti ni sehemu za kumi za sekunde. Yangu inapanda na kushuka kama bei ya nyanya.

ChaiYaRangi
Kaka mimi sijui lolote kuhusu gia na meno ya sproketi ila nasoma neno kwa neno. Wifi yetu anasemaje kuhusu hii hatari? Mimi wangu nisingemruhusu.

KlachiNzito
@ChaiYaRangi dada, wifi yenu ndiye anayeshika stendi ya nyuma, ndiye anayevua mablanketi na ndiye anayeniandikia muda kwenye ubao na kunionyesha nikipita. Sharti lake ni moja: bima ya maisha isomwe vizuri, kwa sababu bima nyingi za kawaida hazitambui mbio. Aliipigia simu kampuni mwenyewe, akaitaka kwa maandishi. Mimi nisingefikiria hilo.

Sasa Jumamosi. Mazoezi ya kupanga nafasi yalikuta lami ina mabaka ya maji, mvua ilinyesha alfajiri. Hili ndilo tatizo baya kuliko mvua kamili. Mvua ikinyesha wote mnafunga tairi za mvua. Jua likiwaka wote mnafunga za kavu. Ikiwa nusu nusu, padoki nzima inasimama milangoni inatazama mawingu, kila mtu anachungulia jirani kafunga nini. Nilikaa na za kavu. Kona za juu zilikuwa zimekauka, chini ya miti karibu na Druids bado kulikuwa na mng'aro. Nikatembea kama mwenye mayai kifuani, nikapata nafasi ya 22 kati ya 31. Namba 64 alikuwa wa 20.

Mbio za kwanza, lami kavu. Tuliovaa kizibao cha rangi ya chungwa ni wanafunzi. Hicho kizibao unakaa nacho mpaka ukusanye sahihi za kutosha kwenye kadi yako za kumaliza mbio bila vituko. Wa nyuma yako akikiona anajua unaweza kufanya jambo la ajabu, anakupa nafasi. Taa nyekundu zinawaka, injini zote zinapanda pamoja mpaka huisikii ya kwako, unasoma mshale wa mizunguko ya injini tu. Taa zikizima unaachia klachi polepole na kuvuta mafuta, kifua kiwe juu ya tenki la sivyo gurudumu la mbele linapaa. Nilitoka vizuri. Watu thelathini mnaingia Paddock Hill kwa pamoja, viwiko vinagusana, na siwezi kuwaelezea nilichokiona humo kwa sababu niliona mgongo wa mtu mmoja tu. Nilimaliza wa 19, 64 akiwa wa 18, mbele yangu kwa urefu wa pikipiki mbili.

Mbio za pili jioni, yeye 17, mimi 18. Mtaona tunafuatana.

Mkandarasi wa Mbagala
Sasa wa 18 unasimulia kwa mbwembwe hizi, wa kwanza anasimuliaje?

KlachiNzito
@Mkandarasi wa Mbagala wa kwanza alikuwa mbele peke yake, hakuwa na wa kupigana naye tangu mzunguko wa pili. Nilimwona padoki anakula mkate kimya. Kule kwetu nyuma tulikuwa wanne tunabadilishana nafasi kila kona. Kama ni burudani, mimi ndiye niliyelipia kwa haki.

Usiku wifi yenu alipika wali na maharage ya nazi ya kopo. Harufu ilitembea. Kwanza alikuja 64 kurudisha koleo, akapewa sahani. Akaja jirani wa upande wa pili na viti vyake. Baadaye walikuwa kama wanane, wote wanazungumzia Graham Hill, kila mmoja anaonyesha kwa mikono jinsi anavyoingia. Huku mtaani kwangu nimekaa miaka na jirani hajui jina langu. Padoki ndani ya saa chache watu wanajua hata shinikizo la tairi zako.

Jumapili nitaandika kesho.

PilipiliKichaa
Usituache njiani bwana. Nilikuja kukejeli sasa nimenogewa.

FundiMagoti
😂😂 Pilipili umelainika.

KlachiNzito
Jumapili asubuhi ubaridi ulikuwa mkali, jua lipo lakini halina kazi. Mbio za tatu. Mzunguko wa kwanza tu, tumetoka Druids, 64 yuko mbele yangu hatua chache. Akalaza kushoto. Nikaona gurudumu lake la mbele linakunja, likapotea, yeye huyo chini anateleza kwa mgongo na pikipiki inamtangulia ikitupa cheche, mtu na chombo wakaelekea kwenye changarawe. Nilimpita kwa upande wa ndani wa kona. Nilipotazama mbele tayari bendera nyekundu zinapepea, tukapunguza, tukarudi piti.

Watu wengi hawawajui wale wanaopeperusha bendera. Ni wa kujitolea, hawalipwi. Wanasimama kutwa, mvua na jua. Manjano maana yake kuna hatari, usipite mtu. Nyekundu, mbio zimesimama. Manjano yenye mistari myekundu, lami inateleza. Nyeusi yenye duara la chungwa ikiwa na namba yako, pikipiki yako ina hitilafu, toka upesi. Walikuwa wamemfikia 64 kabla pikipiki haijamaliza kuzunguka. Alinyanyuka mwenyewe, akakaa, wakamzuia asitembee mpaka daktari aje.

Mbio zilianzishwa upya kwa mizunguko pungufu. Nikamaliza wa 17. Karatasi itaonyesha kwamba ndiyo nafasi yangu bora mpaka hapo, lakini mmoja hakuwepo, kwa hiyo sikuishangilia sana.

Niliporudi kambini 64 alikuwa ameletewa chombo chake kwenye trela. Daktari alikuwa amemruhusu, viungo vyote vipo, ngozi ya suti imechubuka kiunoni. Pikipiki: leva ya klachi imekatika, kibao cha mguu wa kushoto kimepinda, na hendo la kushoto limevunjika pale linaposhika foku. SV za mbio hazina hendo moja la kupita juu, kila upande una lake linalobana kwenye foku. Leva alikuwa nayo. Kibao cha mguu walikinyoosha kwa bomba na nyundo. Hendo hakuwa nalo, na duka la spea la padoki halikuwa na saizi hiyo.

Kwenye ndoo yangu lilikuwemo. Nikampa.

Akafunga, akarudi kwa yule mzee wa miwani kukaguliwa upya, kwa sababu pikipiki iliyodondoka hairuhusiwi kuingia tena bila stika mpya, na helmeti pia inatazamwa. Alipita dakika chache kabla ya kuitwa kwenye mstari.

Mbio za nne, za mwisho. Alianza nyuma yangu. Mizunguko ya mwanzo sikumwona, nikajua mwili unamuuma. Nilishikilia alama zangu: ufa wa lami, bango, doa. Nikampita mmoja Druids kwa breki, nikawa wa 16. Ubao wa wifi yenu ukaniandikia kwamba nyuma kuna mtu na anakaribia. Mizunguko miwili ya mwisho nilikuwa namsikia. SV ina mlio mzito wa silinda mbili, ukiusikia juu ya wako ujue upo kwenye kiwiko chako.

Mzunguko wa mwisho niliziba ndani Druids, akakosa njia. Graham Hill aliingia kushoto kwa kasi ile ile iliyomwangusha asubuhi. Huyo mtu ana moyo wa chuma. Clearways nilifungulia mapema, nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe kwenye mnyooko alikuwa amejificha kwenye upepo wangu, mimi napasua hewa yeye anapumzika nyuma, akachomoka pembeni mita chache kabla ya mstari. Transponda zikasema yeye 16, mimi 17. Tofauti sekunde 0.06.

PilipiliKichaa
Yaani umempa hendo LAKO akakupita NALO?? Kaka wewe ni mjinga wa kimataifa. Ungekaa kimya na ndoo yako ungekuwa wa 16 saa hizi.

Mkandarasi wa Mbagala
Hapa naungana na Pilipili. Mashindano ni mashindano. Timu pinzani ikikosa golikipa unaipa wa kwako?

Msafiri_wa_Ngong
Mimi naona tofauti. Hakuna pesa mezani. Angeshinda wa 16 angepewa nini?

KlachiNzito
@Msafiri_wa_Ngong wa 16 hapewi kitu. Pointi zinaishia juu yetu.

@PilipiliKichaa tuhesabu kwa akili yako ya biashara. Bila yeye ningekuwa wa 16, nipo peke yangu, hakuna wa nyuma wa kunisukuma. Mzunguko wangu wa kasi kuliko yote wikendi nzima niliupata ule wa mwisho, huku mlio wake upo sikioni. Ule muda ni wangu, hauna hendo ndani yake. Na pili, pale padoki nina jina kwamba ndoo yangu haina kufuli. Siku ganda la injini yangu likipasuka nitaona nani ana ya ziada.

ChaiYaRangi
Alirudisha lakini?

KlachiNzito
@ChaiYaRangi alilifungua na kulileta kabla hata hajavua suti, na chupa ya kinywaji juu. Mimi situmii, wifi yenu akaibadilishia keki kwa jirani.

FundiMagoti
Sasa rudi kwenye bei, mkuu. Uliulizwa mwanzo ukapita pembeni.

KlachiNzito
Kweli. Chombo nilinunua kikiwa tayari cha mbio, paundi 2,400 pamoja na magurudumu ya ziada. Ada ya wikendi inapita paundi 300. Tairi seti moja ni kama 250, nikizitunza zinakaa zaidi ya wikendi moja. Suti niliipata ya mkono wa pili. Ongeza vani, petroli ya jenereta, leseni, uanachama. Nakimbia wikendi chache kwa msimu, siyo zote, na zamu za ziada ndizo zinazolipa. Sina deni la mbio na sitachukua. Nimewaona wanaokopa, kila kona wanaingia wakiwa na hofu ya kuvunja kitu ambacho hawajamaliza kukilipa, na hofu hiyo ndiyo inayowadondosha.

Kwa mliopo huku Ulaya mnaotaka kuanza: msinunue kitu kwanza. Jiandikisheni kuwa wasimamizi wa bendera. Hawalipwi, lakini pia hawalipi, na utasimama mita chache kutoka kwenye kona ukitazama watu wazuri na wabaya wanavyoingia. Kutwa moja Graham Hill itakufundisha kuliko video za mwezi. Ukiona bado unataka, ndipo utafute kozi ya leseni.

Kwa mliopo nyumbani, mbio za lami za pikipiki hazina uwanja wa kudumu Tanzania, lakini motokrosi ipo jirani, Jamhuri Nairobi na Garuga kule Uganda. Nendeni huko. Wale vijana wanaonitumia video za usiku barabara ya Bagamoyo wakiuliza "mkuu unaonaje ninavyolaza", sijibu. Pale hakuna mtu wa bendera, hakuna changarawe, kuna lori lisilo na taa za nyuma.

Msafiri_wa_Ngong
Umesema kweli kuhusu lori. Raundi ijayo wapi?

KlachiNzito
Snetterton, Norfolk. Ni uwanja mrefu, duara lake linaloitwa 300 linakaribia kilomita 4.8, na lina mnyooko unaitwa Bentley ambao ukiwa na gia za Brands injini inafika mwisho wa mshale kabla mnyooko haujaisha. Brands nilitumia sproketi ya nyuma ya meno 46. Kule nitashuka hadi 44, na cheni nitapunguza ipasavyo. Naitafuta hiyo ya 44, ya mkono wa pili ikiwezekana.

FundiMagoti
Mkuu sproketi ninazo kabati zima hapa, na cheni mpya. Nikufungie na mtu anayepanda ndege Jumatano?

KlachiNzito
@FundiMagoti asante sana ndugu yangu, lakini cheni ya SV ni 525, ya Boksa ni 428. Hayo meno hayatakutana hata kwa maombi.